Shabaha Haina Wakili

Katika michezo ya video ipo jamii moja ambayo watunzi wake wamejitwisha kazi kubwa kuliko wenzao. Ni michezo ya ulimwengu wazi, ile inayompa mchezaji mji mzima au nyika nzima na kumwambia aende atakako, saa atakayo, kwa njia aipendayo. Mvua hunyesha katika miji hiyo, usiku huingia, magari hupita, farasi huchoka, na wapita njia huzungumza wao kwa wao kana kwamba wana nyumba za kurudia. Hapana mtu mwenye insafu atakayekana kuwa ustadi huu ni mkubwa. Walakini katikati ya ustadi huo limebaki jambo moja ambalo kwa muda mrefu limetendewa kama mtoto wa kambo. Jambo hilo ni tendo la kulenga na kupiga shabaha. Mchezo uliompa mtu uhuru wa kwenda kokote, mara nyingi humnyang'anya uhuru huo dakika ile ainuapo bunduki.

Hali hiyo ina watetezi wake. Husema kuwa mchezo mpana hauwezi kuwa hodari katika kila kitu. Kuwa anayetaka kupiga bunduki kwa ufundi ana michezo mingine iliyotungwa kwa kazi hiyo tu. Na kuwa mji wenye magari, farasi, maduka na hadithi ndefu wastahili kusamehewa udhaifu wa mkono. Hoja hii ina sura ya busara, bali haina mwili. Katika Grand Theft Auto V ya mwaka 2013, au Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018, sehemu kubwa ya migogoro ya hadithi huamuliwa kwa bunduki. Kitu kinachotumiwa kukata mashauri mengi namna hiyo hakiwezi kuitwa pambo la pembeni. Mpishi hasamehewi wali mbichi kwa sababu ya wingi wa vitoweo.

Neno linalotetewa hapa ni moja. Shabaha haina wakili. Mchezo waweza kumsaidia mchezaji kuona, waweza kumtulizia mkono, waweza kumfundisha kwa subira. Lakini hauna haki ya kumchagulia wa kupigwa, wala kumpotoshea risasi kwa siri, wala kumcheleweshea mkono, kisha ukamwambia kuwa tendo lilikuwa lake. Mawakili watatu wamejiingiza kati ya mchezaji na shabaha yake bila ya kuitwa: mtambo unaolenga, hesabu inayopindisha, na uzito unaochelewesha. Kila mmoja yafaa ahojiwe kwa zamu yake.

Kwanza yapasa kujua kulenga ni nini. Kulenga ni mapatano ya jicho, mkono na wakati. Jicho hutambua, mkono hufuata, na wakati huamua kama kilichotambuliwa kingali mahali pake. Mvuvi wa mkuki ajua maana ya mapatano hayo. Samaki aliye majini huonekana juu kidogo kuliko alipo, kwa sababu nuru hupinda itokapo majini kuingia hewani. Mvuvi anayeanza hupiga pale aonapo, akakosa. Akikosa mara nyingi hujifunza kupiga chini ya kile akionacho, na siku ampatapo samaki, ujuzi huo huwa mali yake ambayo hapana mtu awezaye kumwibia. Bahari haikumwonea mvuvi yule. Ilimpa kanuni ngumu lakini isiyobadilika, na kwa kuwa haikubadilika iliweza kujifunzwa. Mchezo mzuri wa shabaha ni kama bahari hiyo: waweza kuwa mgumu, ila hauna ruhusa ya kuwa mwongo.

Wakili wa kwanza ni mtambo unaolenga kwa niaba ya mchezaji. Asili yake si mbaya. Michezo ilipotoka katika picha bapa na kuingia katika picha zenye kina, wachezaji walipata taabu ya kumwelekea adui aliye mbali au karibu. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998 ilipata dawa nzuri. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, macho ya mhusika hufungwa kwa adui mmoja, na mchezaji hubaki huru kuzunguka na kupigana kwa upanga. Dawa hiyo ilifaa kwa upanga, kwa kuwa katika upanga kazi ya mchezaji ni mwendo na wakati, si kulenga tu. Mwaka 2001 Grand Theft Auto III ilipotoka kwa PlayStation 2, dawa ya namna hiyo ilitiwa katika bunduki. Mchezaji alibonyeza, mtambo ukachagua mtu, na risasi zikamwendea mtu huyo. Kilichobaki kwa mkono wa mchezaji, kwa silaha nyingi, kilikuwa kubonyeza tena.

Hapana budi kukiri sababu ya uamuzi ule. Kijiti kidogo cha kidhibiti kinachosukumwa kwa dole gumba si kipanya cha kompyuta. Kipanya husogea juu ya meza kwa nguvu ya mkono mzima, na umbali wa mkono huwa umbali wa alama juu ya kioo. Kijiti hakipimi umbali, hupima kasi. Kikisukumwa kidogo, alama ya shabaha hutambaa; kikisukumwa sana, hukimbia; na kuisimamisha mahali hasa patakiwapo ni kazi ya kurudisha kijiti katikati kwa wakati barabara. Ndiyo maana Grand Theft Auto III ilipofika katika kompyuta mwaka 2002, na mchezaji akapewa kipanya, alilenga mwenyewe, na mji ule ule ukawa kama mji mwingine. Ugumu wa kijiti ni wa kweli. Swali ni kama tiba ya mkono mzito ni kuukata mkono.

Katika mchezo unaofanyika ndani ya chumba chenye maadui peke yao, mtambo unaochagua huleta hasara ndogo, maana yeyote atakayemchagua ni adui. Katika ulimwengu wazi hasara hiyo huwa kubwa mno. Barabarani humo mna muuza magazeti, dereva wa teksi, mwanamke avukaye njia, polisi, na adui mmoja aliyejificha nyuma ya gari. Mtambo haujui nani ana kosa. Wajua aliye karibu na aliye mbele. Wahenga walisema kuwa mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Methali hiyo ilikuwa onyo kwa mpumbavu. Katika michezo hii imefanywa kuwa kanuni ya utungaji, na mwenye macho mazuri hulazimishwa kurusha jiwe kama kipofu.

Hapa watetezi hucheka. Husema kuwa wapita njia hao ni picha, kuwa hapana damu iliyomwagika, na kuwa kuleta mizani ya haki katika mchezo ni kufanya mlima wa kichuguu. Jibu la kicheko hicho limo ndani ya michezo yenyewe. Katika Grand Theft Auto mchezaji akimpiga mpita njia mbele ya macho ya watu, nyota za kutafutwa na polisi hutokea juu ya kioo, na msako huanza. Katika Red Dead Redemption 2 upo mfano ulio mkubwa zaidi. Heshima ya mhusika, Arthur Morgan, hupimwa. Humshuka aumizapo asiye na kosa na humpanda atendapo wema, na kipimo hicho huathiri hata namna hadithi yake inavyokwisha. Basi si wahakiki walioleta mizani ya haki mchezoni. Watunzi wenyewe waliileta, wakaitundika mahali pa kuonekana na wote. Aliyetundika mizani hawezi kukasirika akiulizwa kama mawe yake ni sahihi.

Na mawe hayo si sahihi. Katika Red Dead Redemption 2 kitufe ambacho mchezaji hukishika ili amwelekee mtu na kumsalimu ndicho hicho hicho akishikacho ili kumlenga kwa bunduki. Tofauti ni moja tu, kama silaha iko mkononi au haiko. Mtu ameshuka farasi, amesahau kuwa bastola ingali mkononi, amekusudia kumpa mwenyeji wake salamu, na tazama, amemwelekezea mtutu. Mwenyeji hupiga kelele au huinua silaha yake, watu hukimbia, na mchezaji aliyekuja kwa heri hujikuta katika shari ambayo hakuitaka. Hukumu yaja juu ya tendo ambalo halikuwa na nia. Wanasheria wa kila taifa hutenganisha kosa la kukusudia na ajali. Mchezo huu, ambao kwa mambo mengine ni miongoni mwa kazi bora za aina yake, umeyashona mawili hayo kwa uzi mmoja. Kumhukumu mtu kwa tendo alilochaguliwa na mtambo ni dhuluma, na dhuluma haiwi ndogo kwa sababu imefanywa katika mchezo. Huwa ndogo kwa madhara, bali kwa sura ni ile ile.

Kwa haki yapasa kusemwa kuwa watunzi hawakulala. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilimpa mchezaji wa kidhibiti nafasi pana ya kulenga kwa hiari yake. Grand Theft Auto IV ya mwaka 2008 ilifanya jambo la werevu zaidi: kitufe kikibonyezwa nusu mchezaji alilenga kwa uhuru, kikibonyezwa chote mtambo ulifunga shabaha, na hata baada ya kufunga, kijiti kiliweza kuipeleka alama kwenye kiungo kimoja au kingine cha mwili. Grand Theft Auto V ilimpa mchezaji orodha ya kuchagua, kutoka msaada mwingi hadi uhuru mtupu. Haya ni maendeleo, na asiyeyataja hana insafu. Ila kuna tofauti kati ya kufungua mlango na kumwalika mtu aingie. Orodha iliyozikwa ndani ya mipangilio husomwa na wachache, na wengi hucheza mchezo kama walivyoukuta. Mtunzi akitaka kujua anaamini nini kwa hakika, asitazame alichokiruhusu. Atazame alichokiweka mbele ya mgeni wa siku ya kwanza.

Wakili wa pili ni hesabu. Huyu hajionyeshi, na kwa hiyo ni hatari zaidi. Katika The Elder Scrolls III: Morrowind ya mwaka 2002 mchezaji aliweza kuelekeza upanga au mshale barabara kabisa, akaona umefika, na bado akaambiwa kuwa amekosa, kwa sababu dadu iliyofichwa ilikuwa imekwisha kuamua. Desturi hiyo ilitoka katika michezo ya mezani, ambamo dadu huonekana na wote na kila mchezaji huisikia ikigonga ubao. Mezani dadu ni mwenzi wa mchezo. Ikifichwa nyuma ya picha inayodai kuwa ni mkono na jicho, huwa mwizi. Fallout 3 ya mwaka 2008 ilikuwa na ugonjwa wa jamii hiyo: mhusika asiye na ujuzi wa bunduki alitawanya risasi hata kama mchezaji aliyemshika alikuwa na mkono usiotetemeka.

Wengine watauliza, je, si haki mhusika asiyejua bunduki apige vibaya? Ni haki, kwa sharti moja: udhaifu wake uonekane. Mikono itetemeke juu ya kioo, pumzi ipandishe mtutu na kuushusha, kujaza risasi kuwe kwa taabu, na msukumo wa nyuma umyumbishe. Mchezaji akiyaona hayo aweza kuyasubiri, kuyazoea na kuyashinda. Lakini alama ikiwa imetulia juu ya shabaha, na risasi ikatoka na kwenda pengine kwa amri ya jedwali, basi macho ya mchezaji yamefanywa kuwa shahidi wa uongo. Mchezo huo huo wa Fallout 3 ulionyesha njia ya adili katika sehemu nyingine. Ulikuwa na utaratibu wa kusimamisha mapigano, kuorodhesha viungo vya adui, na kuandika kando ya kila kiungo bahati ya kumpata kwa asilimia. Hapo dadu ilikuwa mezani tena. Mchezaji alijua kuwa anabahatisha, akabahatisha kwa hiari. Hapana wa kumlaumu.

Ya kuwa ugonjwa huo unatibika kuna ushahidi. Kabla ya Fallout 4 kutoka mwaka 2015, watunzi wake wa Bethesda waliomba msaada kwa wenzao wa id Software, ile kampuni iliyotunga Doom mwaka 1993 na ambayo kazi yake ya asili ni kupiga shabaha. Matokeo yalikuwa mchezo ambao ulimwengu wake ulibaki mpana na bunduki yake ikawa ya kuaminika. Wale wasemao kuwa upana na ustadi haviwezi kukaa nyumba moja hawana budi kuujibu mfano huo.

Hesabu ina tabia nyingine mbaya, nayo ni kumfanya adui kuwa gunia. Katika The Division ya mwaka 2016, ambayo mji wake ni New York na watu wake ni watu wa nyama na mifupa, adui aliyevaa koti tu aliweza kupokea risasi nyingi kichwani na kuendelea kusimama, kwa sababu daraja lake lilikuwa juu ya daraja la silaha. Mchezaji aliyelenga vizuri na aliyelenga ovyo walitofautiana kidogo. Aliyetofautiana nao sana ni yule mwenye bunduki ya namba kubwa. Hivyo mtu hufundishwa kuwa jambo la kutafuta ni mali, si ustadi. Anayekosa haambiwi ajifunze, huambiwa akanunue. Katika ulimwengu ambao tayari una wauzaji wengi wa njia za mkato, hilo ni somo baya la kumpa kijana aliyekaa mbele ya kioo akiwa radhi kujaribu mara mia.

Wakili wa tatu ni uzito. Huyu husifiwa na watu wa maarifa, ambao humwita uhalisi. Husema kuwa mwili wa binadamu hauzunguki kama pia, kuwa bunduki ni chuma, na kuwa mchezo unaomfanya mhusika achelewe kuinua mkono unamheshimu mwanadamu alivyo. Hoja hii ni nzuri mpaka ipimwe kwa saa. Mchezo unaoonyesha picha 30 kwa sekunde hukaa milisekunde 33 hivi kati ya picha moja na ya pili. Unaoonyesha 60 hukaa milisekunde 17 hivi. Tena amri ya dole gumba haionekani katika picha inayofuata mara moja. Husomwa, hupitishwa katika mwendo wa mwili wa mhusika, huchorwa, hupelekwa katika kioo. Hata ucheleweshaji ukawa wa picha kadhaa. Red Dead Redemption 2 katika PlayStation 4 na Xbox One ilikwenda kwa picha 30, na juu ya hizo uliongezwa mwendo mzito wa mwili. Mtu halisi ana mwili mzito, ndiyo. Lakini mtu halisi hupata habari za mkono wake papo hapo. Mchezaji hupata habari za mkono wake baada ya kuchelewa, kama mtu aongozaye chombo kwa kupaza sauti kutoka pwani. Uzito wa mwili ni uhalisi. Ucheleweshaji wa amri si uhalisi. Kuvificha viwili hivyo chini ya jina moja ni kuficha taksiri ya ufundi kwa joho la sanaa.

Ushahidi wa tofauti hiyo ulitolewa mwaka 2022, Grand Theft Auto V ilipoletwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series ikiwa na chaguo la picha 60 kwa sekunde. Hadithi ilikuwa ile ile, mji ule ule, bunduki zile zile. Kilichopungua ni muda kati ya nia na tendo, na kulenga kukawa kwepesi bila ya mtambo kuongezewa mamlaka. Kabla ya kumpa mchezaji wakili, fundi na ajiulize kwanza kama amempa mkono.

Yafaa sasa kusema lililo jema, kwa kuwa anayebomoa bila kujenga huacha wenzake mvuani. Msaada wa kulenga waweza kuwa halali, na mpaka wa uhalali wake ni rahisi kuuchora: msaada na upunguze kasi, usishike usukani. Halo: Combat Evolved ya mwaka 2001 ilionyesha jinsi. Alama ya shabaha ipitapo juu ya adui hupunguza mwendo kidogo, kama mguu ukanyagapo zulia baada ya sakafu, na dole gumba hupata nafasi ya kutulia. Mchezaji ndiye aliyeipeleka alama pale, na ndiye atakayeiondoa. Msaada wa namna hiyo hauchagui mtu. Humtumikia aliyekwisha chagua.

Pili, mkono upewe chombo kinachoufaa. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017, ambayo ni ulimwengu wazi wa haki, humruhusu mpiga upinde kuinamisha kidhibiti chenyewe ili kusahihisha shabaha. Kijiti hufanya kazi ya kugeuka, na kifundo cha mkono hufanya kazi ndogo ya mwisho, ambayo ndiyo dole gumba huishindwa. Ugumu ule wa kijiti, uliotumiwa kwa miaka mingi kuwa udhuru wa mtambo, hupata hapo tiba isiyomnyang'anya mtu chochote. Vidhibiti vya PlayStation navyo vina uwezo wa kutambua kuinamishwa. Michezo mingi mikubwa imeuacha uwezo huo ukilala kama jembe jipya darini.

Tatu, mahali risasi iangukapo pawe na maana. Katika Horizon Zero Dawn ya mwaka 2017 wanyama wa chuma wana viungo vinavyoweza kung'olewa kwa mshale: silaha iliyo begani, pipa lililo mgongoni. Mwindaji asiyetazama hutumia mishale yote na kufa. Atazamaye hummaliza mnyama kwa michache. Katika Metal Gear Solid V: The Phantom Pain ya mwaka 2015 mlinzi apigwaye kichwani kwa risasi ya usingizi hulala mara moja, na apigwaye mwilini hukawia, akapata nafasi ya kushtuka na kutafuta. Katika michezo hiyo miwili kulenga kumekuwa namna ya kufikiri. Mchezaji haulizwi tu kama anaweza kupiga. Huulizwa apige nini, na kwa sababu gani.

Nne, salamu na shabaha zitenganishwe. Tendo la kumwelekea mtu kwa maneno na tendo la kumwelekea kwa mtutu yasikae chini ya kidole kimoja. Marekebisho haya ni madogo kuliko yote, na huenda ndiyo yenye heshima kuliko yote.

Tano, mtambo unaolenga usifutwe, bali uitwe kwa jina lake. Wako watu wenye ulemavu wa mikono au macho ambao bila ya mtambo hawawezi kucheza, na kuwafungia mlango kwa kisingizio cha ustadi kungekuwa ukatili. The Last of Us Part II ya mwaka 2020, ingawa si mchezo wa ulimwengu wazi, ilitoa mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia watu hao, na kufunga shabaha kulikuwa mojawapo. Msaada ule ulitangazwa waziwazi na kuchaguliwa na mwenye haja nao. Huyo ni wakili aliyeajiriwa na mwenye shauri, na kumkataza mtu kuajiri wakili ni dhuluma. Ubaya uko kwa wakili ajiwekaye mwenyewe. Hata ndani ya hadithi mtambo waweza kuwa halali: Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020 ina bunduki erevu ambazo risasi zake hupinda kumfuata adui, lakini sharti mhusika atiwe kifaa mwilini ili azitumie. Hapo kulenga kwa mashine ni sehemu ya habari yenyewe, na mchezaji ajua alichokinunua na alichokitoa.

Imebaki hoja moja ya watetezi ambayo haistahili kuchekwa. Wako watu wanaorudi kazini wakiwa wamechoka, wana saa moja tu ya kucheza kabla ya kulala, na hawataki shule nyingine. Kwao mtambo ni huruma. Lakini huruma hiyo ipimwe kwa kile inachokichukua. Mchezaji wa bao hukaa barazani baada ya kazi ngumu, mbele ya mashimo 32 na kete 64, na hesabu yake si nyepesi. Hapana mtu aliyewahi kuona ni huruma kumsogezea kete zake. Akisogezewa atainuka, kwa kuwa mapumziko yake yamo katika kuhesabu kwenyewe. Aliyechoka hahitaji kuondolewa kazi ya mchezo. Ahitaji kanuni iliyo wazi, mkono usiocheleweshwa, na mahali pa kujaribu pasipo hukumu. Viwanja vya shabaha vilivyomo katika maduka ya bunduki ya Grand Theft Auto V vilikuwa mwanzo mwema wa mahali hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si lazima avunjwe mgongo.

Msomaji wa fasihi aweza kuuliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu kwa sababu michezo hii imekwisha kuwa mojawapo ya njia kubwa za kusimulia hadithi, na kila sanaa huhukumiwa kwa chombo chake. Shairi huhukumiwa kwa vina na mizani, kwa kuwa ndimo mshairi anamoonyesha kama amelitawala neno au neno limemtawala yeye. Shairi lenye mawazo makubwa na mizani iliyovunjika haliwi zuri kwa ukubwa wa mawazo. Mchezo nao huhukumiwa kwa tendo, kwa kuwa katika tendo ndimo maana yake inamopita kutoka kwa mtunzi kwenda kwa mchezaji. Mhakiki asifuye mandhari na hadithi, akanyamaza juu ya mkono, amesoma jalada akadhani amesoma kitabu.

Hadithi ya Arthur Morgan ni hadithi ya mtu aliyeishi kwa bunduki na ambaye mwishoni ataka kujua kama yawezekana kutengeneza alichokiharibu. Swali hilo lina uzito kama kila risasi iliyotoka ilikuwa na mwenyewe. Kama nyingine zilitoka kwa mtambo, nyingine kwa jedwali, na nyingine kwa kitufe kilichokusudiwa kuwa salamu, basi majuto yake yana mashimo, na mchezaji anayeombwa kuyashiriki ana haki ya kusema kuwa baadhi ya madeni hayo si yake. Watunzi wanaotaka mchezaji abebe mzigo wa alichokitenda wana wajibu wa kwanza ulio rahisi kuutaja na mgumu kuutimiza: wamwachie akitende.